Njia ya Asidi ya Hewani hadi Mapafuni: Maelezo kwa Kiswahili na Mafunzo kutoka Virunga na Kigali

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi hewa chafu yenye asidi inavyosafiri kutoka angani hadi ndani ya njia ya hewa ya binadamu, na yanachunguza iwapo maneno ya Kiswahili yaliyopo yanaweza kubeba maelezo hayo bila kumpotosha msikilizaji. Mifano imetolewa katika ukanda wa volkano wa Virunga, unaopakana na Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika jiji la Kigali. Inaonyeshwa kwamba kina ambacho kichafuzi hufikia mwilini hutegemea mambo matatu: wepesi wake wa kuyeyuka katika maji, ukubwa wa chembe zake, na namna mtu anavyopumua. Inaonyeshwa pia kwamba maneno ya kawaida kama moshi, gesi na hewa mbaya hufuta tofauti hizo, na kwamba hasara yake ni kubwa zaidi pale tangazo moja linapotolewa kwa dioksidi ya salfa na kwa mazuku. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa wataalamu wa istilahi na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 15 kwa dakika, na kila mara huvuta karibu nusu lita ya hewa. Kwa siku nzima, jumla yake huzidi lita 10,000. Hakuna chakula wala kinywaji kinachoingia mwilini kwa wingi wa namna hiyo, na hakuna kinachoingia kwa kuchaguliwa kidogo namna hiyo. Chakula kilichoharibika tunaweza kukisusa. Hewa hatuwezi kuisusa kwa zaidi ya dakika chache.

Katika eneo letu la Maziwa Makuu suala hili si la vitabuni. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, lava ikateremka hadi viungani mwa Goma, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Rwanda kupitia Rubavu. Miongoni mwa waliopoteza maisha siku hizo walikuwamo watu waliovuta gesi zenye sumu walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa ikipoa. Mlima huo ulikuwa umelipuka pia tarehe 10 Januari 1977 na tarehe 17 Januari 2002. Hata usipolipuka, kwa miaka mingi ziwa lake la lava limetoa maelfu ya tani za dioksidi ya salfa kwa siku, kiasi kilichouweka katika orodha ya vyanzo vikubwa vya asili vya gesi hiyo duniani.

Umbali kutoka Nyiragongo hadi Kigali, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 100. Pande zote mbili za mpaka Kiswahili kinazungumzwa: Goma ni lugha ya soko, kanisa na redio, Rwanda kilifanywa lugha rasmi kwa sheria mwaka 2017. Tangu mwaka 2022 nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni jambo la busara, basi, kudhani kwamba siku ya dharura tangazo la pamoja litatolewa kwa Kiswahili. Swali la makala haya ni hili: tangazo hilo litakuwa na maneno gani, na je, maneno hayo yatalingana na yale yanayotendeka ndani ya kifua cha msikilizaji?

Ili kulijibu, tutafuata safari ya asidi hatua kwa hatua, kuanzia chanzo chake hadi mapafuni, kisha turudi kwenye lugha.

2.0 Asidi hutoka wapi?

Ni vema kuanza kwa kuondoa dhana moja. Hewa chafu yenye asidi si lazima iwe na asidi tangu inapotoka kwenye chanzo chake. Mara nyingi kinachotoka ni gesi ambayo hugeuka kuwa asidi inapokutana na maji, ama angani ama mwilini.

Gesi ya kwanza ni dioksidi ya salfa. Hutolewa na volkano, na pia hutokea salfa iliyomo katika makaa ya mawe, dizeli au mafuta mazito inapoungua. Ikiyeyuka katika maji hutoa asidi ya salfurasi, ambayo si kali sana. Ikikaa hewani kwa saa kadhaa au siku, huungana na oksijeni zaidi na kuwa asidi ya salfuriki, ambayo ni kali. Asidi hii haibaki kuwa gesi; huwa vitone vidogo mno vinavyoelea, vingi vikiwa na kipenyo kisichofika mikromita moja.

Gesi ya pili ni oksidi za naitrojeni. Hizi hutokea katika kila mwako wa joto kali, hasa ndani ya injini, kwa kuwa naitrojeni na oksijeni za hewa yenyewe hulazimishwa kuungana. Angani hugeuka kuwa asidi ya naitriki. Kundi la tatu ni kloridi ya haidrojeni na floridi ya haidrojeni. Haya ni mazao ya volkano, nayo huyeyuka katika maji kwa wepesi mkubwa. Wakazi wa vijiji vilivyo chini ya Nyiragongo wanaokinga maji ya mvua wanaathirika kwa njia mbili: wanavuta moshi wa mlima na wanakunywa mvua iliyopita katika moshi huo, ikibeba asidi na floridi.

Kwa Kigali chanzo kikuu cha kila siku si volkano. Upepo wa mashariki huupeleka moshi wa Virunga upande wa magharibi zaidi, kuelekea Sake na Masisi. Kigali ina magari, pikipiki, jenereta, tanuri na majiko ya mkaa, pamoja na umbo la nchi lenyewe: vilima na mabonde ambamo hewa baridi ya alfajiri hutuama chini ya hewa yenye joto, na moshi wa usiku hukosa pa kutokea hadi jua lipande. Hata hivyo hatua imepigwa. Mwanzoni mwa mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo, zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Mwaka 2016 Rwanda ilipitisha Sheria Na. 18/2016 kuhusu kuhifadhi ubora wa hewa na kuzuia uchafuzi wake, na katika mwaka huohuo Kigali ilianzisha siku za barabara zisizo na magari. Salfa ikipungua katika dizeli, dioksidi ya salfa nayo hupungua kwa uwiano uleule. Oksidi za naitrojeni hazipungui kwa njia hiyo, kwa sababu hazitoki katika mafuta bali katika hewa inayochomwa pamoja nayo.

3.0 Lango la kwanza: pua na kinywa

Sasa hewa hiyo inavutwa. Pua si tundu tupu. Ndani yake mna mikunjo ya nyama laini yenye damu nyingi na iliyofunikwa kwa ute. Hewa inayopita hapo hupashwa joto, hulowanishwa, na hulazimika kugusa ute huo kwa eneo kubwa. Kwa gesi inayoyeyuka kwa wepesi, kila mguso ni mtego.

Hapa ndipo wepesi wa kuyeyuka unapoamua hatima. Dioksidi ya salfa huyeyuka sana, kwa hiyo mtu aliyetulia anayepumua kwa pua hunasa zaidi ya asilimia 90 ya gesi hiyo kabla haijapita koromeo. Kloridi ya haidrojeni na floridi ya haidrojeni nazo hunaswa papo hapo. Ndiyo maana dalili za kwanza za gesi hizi huwa za juu: macho kutoa machozi, pua kuwasha, koo kukereketa. Dioksidi ya naitrojeni huyeyuka kwa uzito. Sehemu yake kubwa hupita puani bila kunaswa, hushuka hadi kwenye matawi madogo ya mapafu, na madhara yake huweza kuonekana baada ya saa nyingi, wakati mtu ameshasahau alipokuwa.

Kutoka hapa tunapata kanuni ambayo msikilizaji wa kawaida huidhania kinyume: gesi inayowasha pua sana si lazima iwe ndiyo inayofika chini sana. Mwasho ni ishara kwamba pua imefanya kazi yake. Gesi isiyowasha ndiyo inayopita mlangoni bila kuulizwa.

Jambo la pili ni namna ya kupumua. Mtu aliyetulia hutumia lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, na pua inatosha. Anapofanya kazi nzito na kuhitaji zaidi ya takriban lita 35 kwa dakika, hufungua kinywa. Kinywa ni njia pana na fupi. Hakina mikunjo ya pua. Dioksidi ya salfa ambayo ingenaswa juu sasa hushuka hadi kwenye matawi ya mapafu. Hivyo watu wawili waliosimama katika moshi mmoja, wenye kipimo kilekile cha gesi, hawapati dozi ileile. Mzee aliyeketi barazani na msukuma chukudu anayepanda mlima Goma, au mnyonzi anayekanyaga baiskeli yenye abiria pembezoni mwa Kigali, wanaishi katika hewa moja na mapafu yao yako katika hewa mbili. Mtoto naye, hata akitulia, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake.

Kinywa kina kinga yake ndogo. Bakteria wa kinywani hutoa amonia, na amonia ni besi. Vitone vya asidi ya salfuriki vinavyopita hapo hupooza kwa sehemu kabla ya kushuka. Kinga hii husaidia vitone vichache; haiwezi kuhimili moshi mzito.

4.0 Kutoka zoloto hadi vifuko vya hewa

Chini ya zoloto njia ya hewa ni bomba moja, kisha hugawanyika mawili, na kila tawi hugawanyika tena, takriban mara 23, mpaka kufikia vifuko vya hewa vipatavyo mamia ya milioni. Mgawanyiko wa kwanza hadi takriban wa 16 ni barabara tu. Ubadilishanaji wa oksijeni na dioksidi ya kaboni hufanyika baada ya hapo. Kwa hiyo tunapouliza asidi imefika wapi, tunauliza imepita migawanyiko mingapi.

Kwa chembe na vitone, jibu linategemea ukubwa. Zenye kipenyo kinachozidi mikromita 10 hugonga kuta za pua na koromeo, kwa kuwa haziwezi kukata kona pamoja na hewa. Zenye mikromita chache hutua katika matawi makubwa. Zilizo chini ya mikromita 2.5 huweza kufika kwenye matawi madogo na vifuko vya hewa. Lakini kitone cha asidi si kama punje ya vumbi: kinavuta unyevu. Ndani ya mapafu hewa imejaa mvuke karibu kabisa, na kitone kilichoingia kikiwa kikavu huvimba hadi mara mbili au zaidi ya kipenyo chake. Kikivimba hubadilisha mahali kitakapotua, na asidi yake huwa nyepesi zaidi kwa kuchanganyika na maji.

Kuna njia nyingine ya ujanja zaidi. Masizi na majivu hubeba asidi juu ya uso wake. Gesi ambayo ingenaswa puani ikiwa peke yake hupata chombo cha kuvukia. Hii ni sehemu ya maelezo ya msiba wa London wa tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ambapo ukungu, masizi ya makaa ya mawe na dioksidi ya salfa vilikaa juu ya jiji kwa siku tano. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo 4,000. Uchambuzi wa baadaye umefikisha hadi 12,000. Miaka 22 kabla yake, Desemba 1930, watu wapatao 60 walifariki katika bonde la mto Meuse nchini Ubelgiji katika hali inayofanana: bonde, viwanda, ukungu na hewa iliyotuama. Kinachofundishwa na misiba hiyo ni kwamba kipimo cha gesi moja hakitoshi. Mchanganyiko huamua kina. Jiji lenye mabonde na masizi ya mkaa lina sababu ya kuisoma historia hiyo kwa makini.

5.0 Mwili unavyojibu

Ute unaofunika njia ya hewa una bikaboneti, ambayo hupokea ioni za haidrojeni na kuzipooza. Asidi kidogo humezwa bila mtu kujua. Chini ya ute kuna vijinywele vinavyopiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde, vikisukuma ute na vilivyonaswa ndani yake kuelekea koromeoni, ambako humezwa au kutemwa. Asidi inapozidi uwezo wa bikaboneti, ute huwa mzito, vijinywele hupungua kasi, na uchafu uliokuwa ukipandishwa hubaki ulipo. Hapo njia hufunguka kwa vijidudu.

Jibu la pili ni la neva. Miisho ya neva iliyo chini ya ngozi laini ya njia ya hewa huhisi asidi na salfaiti, hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo huamuru misuli ya matawi ya mapafu ikaze. Kwa mtu mwenye afya, mkazo huo ni kikohozi tu. Kwa mwenye pumu, huwa ni kubanwa kifua, na hutokea upesi: wagonjwa wa pumu wanaofanya kazi au mazoezi wameonekana kubanwa ndani ya dakika 5 hadi 10 kwa dioksidi ya salfa ya sehemu 0.2 hadi 0.5 kwa milioni. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limebakiza ukomo wa dakika 10 wa mikrogramu 500 kwa mita ya ujazo, sawa na takriban sehemu 0.19 kwa milioni, sambamba na ukomo wa saa 24 wa mikrogramu 40. Kwa dioksidi ya naitrojeni mwongozo huo unataja wastani wa mwaka wa mikrogramu 10, na kwa chembe zilizo chini ya mikromita 2.5, mikrogramu 5.

Mshauri wa sera ataona maana yake. Wastani wa siku unaweza kuwa mzuri huku dakika 10 za alfajiri zikiwa mbaya. Kituo kinachotoa taarifa ya wastani pekee hakimsaidii mwenye pumu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi.

6.0 Mazuku: hewa isiyowasha

Mpaka hapa tumezungumzia hewa inayoonya. Sasa tuitazame ile isiyoonya.

Katika ukanda wa Goma, hasa magharibi mwa mji kuelekea Sake na kandokando ya ziwa Kivu, dioksidi ya kaboni hupenya kutoka ardhini kupitia nyufa za miamba. Ni nzito kwa takriban mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hutuama kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Wenyeji huiita mazuku. Neno hilo limeingia katika maandishi ya wanavolkano ulimwenguni kote bila kutafsiriwa, likielezwa kuwa ni la Kiswahili na kuwa maana yake ni upepo mbaya. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili sanifu sauti yake humkumbusha kitenzi kuzuka na nomino mzuka, na ukumbusho huo si wa bure: mazuku huua mbuzi, mbwa na watoto katika shimo lisilo na harufu wala moshi, na mtu mzima aliyesimama kando, kichwa chake kikiwa juu ya gesi, hahisi kitu.

Kwa mtazamo wa kemia, dioksidi ya kaboni nayo hutoa asidi inapoyeyuka majini, asidi dhaifu ya kaboni. Lakini haiuwi kwa kuchoma. Kwa viwango vya zaidi ya asilimia 10 humfanya mtu apoteze fahamu kwa muda mfupi. Huku ikichukua nafasi ya oksijeni, huvuruga pia kiwango cha asidi cha damu yenyewe. Haizuiwi na pua, haizuiwi na ute, wala haizuiwi na kitambaa. Hufika kwenye vifuko vya hewa kwa sababu mlango wa vifuko hivyo umeumbwa kwa ajili yake: ndiyo gesi ambayo mwili huitoa kila pumzi.

Linganisha sasa maagizo. Dhidi ya dioksidi ya salfa, kutulia, kupumua kwa pua, kuingia ndani na kufunga madirisha hupunguza dozi. Kitambaa chenye maji huweza kunasa sehemu ndogo ya gesi, ingawa si kinga ya kutegemewa. Dhidi ya mazuku, kutulia na kulala chini ni kujiua. Kujificha katika shimo au chumba cha chini ni kujiua. Kitambaa hakifai chochote. Agizo pekee ni kupanda mahali pa juu, na kutomfuata aliyeanguka shimoni bila kifaa cha kupumulia. Maagizo ya namna mbili yanapingana. Tangazo linalosema tu kwamba kuna hewa mbaya, watu wafunike pua na wabaki ndani, huokoa katika hali moja na huua katika nyingine.

7.0 Maneno yanayoficha

Je, Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha hali hizi? Kinao, lakini matumizi ya kila siku hayautumii. Nataja sehemu nne zenye tatizo.

Kwanza ni hewa, gesi na moshi. Hewa hutajwa kwa kile tunachovuta na pia kwa kila kisichoonekana. Gesi, katika miji yetu, kwanza ni mtungi wa kupikia. Moshi humaanisha masizi ya jikoni, mvuke wa volkano na kinachotoka kwenye bomba la gari. Kinyarwanda kina hali inayokaribiana: umwuka hubeba hewa, pumzi na gesi, na umwotsi ni ndugu wa moshi. Mfasiri anayehama kati ya lugha hizi huhama na utata wake wote.

Pili ni tindikali na asidi. Maneno haya hutumika kama visawe, na kamusi zinaruhusu. Lakini masikioni mwa wengi tindikali ni maji ya betri, kitu cha kumwagiwa, kinachochoma ngozi papo hapo. Msikilizaji anayeambiwa kwamba hewa ina tindikali, kisha asione ngozi ikichomeka, huhitimisha kwamba ameambiwa uongo. Napendekeza asidi litumike kwa dhana ya kikemia, na tindikali libaki kwa kimiminika kikali, ili kila neno libebe mzigo wake.

Tatu ni majina ya sehemu za mwili. Koo katika usemi wa kawaida ni kila kilichopo kati ya kinywa na kifua. Umio ni njia ya chakula, lakini lipo pia katika baadhi ya maandishi kama jina la njia ya pumzi, na hapo msomaji hupotea. Kwa umma, njia ya hewa linatosha na linaeleweka; kwa wataalamu, koromeo, zoloto, bomba la hewa, matawi ya mapafu na vifuko vya hewa vinaunda mfululizo ulio wazi. Kinyarwanda tayari husema imyanya y'ubuhumekero, viungo vya kupumulia, kwa muundo uleule wa uwazi.

Nne ni kifua. Kuugua kifua hujumlisha mafua, nimonia, kifua kikuu na pumu. Mtu aliyebanwa na dioksidi ya salfa atasema ana kifua, na daftari la zahanati likiandika hivyo, athari ya hewa haitaonekana katika takwimu. Tatizo la istilahi huwa hapa tatizo la ushahidi: kisichotajwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Msingi wa kurekebisha haya upo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye Kamusi ya Tiba. Kazi iliyobaki si kuunda maneno mapya mengi; ni kuyatoa yaliyopo kamusini, kuyapima kwa wasikilizaji wa Goma, Rubavu na Kigali, na kukubaliana. Katika upimaji huo, mazuku haistahili kufukuzwa kwa kisingizio cha usanifu. Ni neno lililozaliwa na ujuzi wa wenyeji, linataja hatari moja tu, na msikilizaji wake anajua la kufanya. Istilahi nyingi za kamati hazina sifa hizo tatu.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, matangazo ya hatari ya hewa katika ukanda wa Kivu yawe na aina mbili zilizotenganishwa kwa jina na kwa agizo: hewa inayowasha, na mazuku. Aina hizo zisichanganywe katika sentensi moja.

Pili, tangazo la hewa inayowasha litaje namna ya kupumua na aina ya kazi. Kusema watoto, wenye pumu na wafanyao kazi nzito wapumzike ndani kuna maana ya kitabibu, kama ilivyoonyeshwa katika sehemu ya tatu. Kusema wananchi wachukue tahadhari hakuna.

Tatu, vituo vya kupima hewa vitoe vipimo vya muda mfupi pamoja na wastani wa siku, na vitofautishe gesi, vitone na chembe.

Nne, Gazeti Rasmi la Rwanda limezoea kuchapa sheria kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria ya ubora wa hewa ya mwaka 2016 ilitangulia kwa mwaka mmoja tu hatua ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Tafsiri yake ya Kiswahili, ikiandaliwa kwa ushirikiano na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ingekuwa mwanzo mwema wa istilahi za pamoja za mazingira, hasa kwa kuwa moshi hauombi kibali mpakani.

Tano, wahudumu wa zahanati wapewe orodha fupi ya maneno ya dalili, ili kukereketa koo, kubanwa kifua baada ya kazi, na kuzimia mahali pa bondeni viandikwe kama mambo matatu tofauti.

9.0 Hitimisho

Asidi ya hewani haifiki mapafuni kwa njia moja. Inayoyeyuka upesi hunaswa puani, isipokuwa mtu akihema kwa kinywa au gesi ikipanda juu ya masizi. Isiyoyeyuka upesi hupita kimya. Vitone huvimba njiani na kutua kulingana na ukubwa wake. Mwili una bikaboneti, ute, vijinywele na kikohozi, na kila kimoja kina ukomo. Dioksidi ya kaboni ya ardhini, iitwayo mazuku, haihitaji kushinda kinga yoyote kati ya hizo.

Yote haya yamewezekana kuelezwa kwa Kiswahili bila kukopa zaidi ya majina machache ya kemikali. Kwa hiyo upungufu haumo katika lugha. Umo katika uzembe wa kutumia neno moja kwa hatari mbili, na uzembe huo unaweza kurekebishwa sasa, wakati mlima umetulia na kuna nafasi ya kuketi na kupima kila neno.